Sindano ya cherehani: kisa cha tansio isiyoshuka, sukari inayopanda na pumzi inayokatika usiku

Kisa hiki ni cha Lubumbashi. Mhusika aliridhia kitumike kufundishia. Umri kamili, mtaa, tarehe na majina ya vituo vimeondolewa, na mambo machache ya nyumbani yamebadilishwa ili asitambulike.

Mhusika

Ni mama mjane, amepita miaka 50 lakini hajafika 60, fundi wa cherehani. Anashona magauni ya vikwembe, yaani vitenge, barazani kwake kwa cherehani yenye mota. Umeme ukikatika anarudi kwenye ile ya kanyagio. Anaishi na binti yake na mjukuu wa kike wa miaka 9. Mjukuu ndiye anayelala naye chumba kimoja, na jambo hilo la chumba ndilo lililokuja kukifungua kisa chote.

Kimo chake ni mita 1.60 na uzito ulikuwa kilo 97, yaani uwiano wa uzito na kimo wa karibu 38. Hanywi pombe, havuti sigara. Tansio, yaani shinikizo la damu, iligunduliwa miaka 7 kabla ya matukio haya.

Miaka saba ya kuongezewa vidonge

Alianzishiwa dawa ya tansio, amlodipini miligramu 5, ikapandishwa hadi 10. Baadaye ikaongezwa haidroklorotiazidi 25, dawa ya kukojoza ya jamii ya tiazidi, kisha atenololi 50, nayo ya tansio. Miguu ilipoanza kuvimba akapewa na furosemidi 40, dawa nyingine ya kukojoza.

Kila hatua ukiitazama peke yake ina sababu. Ukizipanga pamoja unaona jambo jingine. Uvimbe wa miguu ulitokana na amlodipini yenyewe, si maji yaliyozidi mwilini, kwa hiyo furosemidi ilikuwa dawa ya kutibu dawa. Furosemidi na tiazidi zilipokutana zilimwaga potasiamu kwenye mkojo. Na potasiamu ikipungua, kongosho hutoa insulini kidogo kuliko inavyotakiwa. Atenololi nayo huongeza uzito kidogo na kuisukuma sukari juu. Ordonansi ile, yaani orodha ya dawa alizoandikiwa, ilikuwa inamsogeza mama huyu kwenye kisukari polepole, huku tansio ikibaki palepale, kati ya 160 na 175 kwa ya juu na karibu 100 kwa ya chini.

Daftari lake la kliniki lilikuwa na glisemia, yaani vipimo vya sukari ya damu, za asubuhi kabla ya kula kwa miaka mitatu mfululizo: 104, kisha 113, kisha 121 mg/dL. Hakuna aliyezisoma kwa mstari mmoja. Kila moja ilisomwa siku yake, ikaandikwa "imepanda kidogo", ukurasa ukafunuliwa.

Mwenyewe alikuwa akilalamikia mambo matatu kila mara: kichwa kinachouma akiamka, kukojoa mara nne usiku, na uchovu. Kichwa kikasemwa ni tansio. Mkojo ukasemwa ni furosemidi. Uchovu ukasemwa ni umri na kazi. Hakuna aliyemuuliza analalaje.

Sindano

Siku moja saa tano asubuhi, akiwa anapinda ukingo wa gauni, sindano ya cherehani ilimpita kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kwenye kituo cha afya muuguzi alifanya kazi nzuri: aliomba sindano iletwe, akailinganisha na nyingine nzima kuhakikisha ncha haikubaki ndani, akaosha jeraha, akampa chanjo ya pepopunda. Kisha akamuuliza, kama kumkemea kwa upole: "Mama, ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilisinzia, munganga. Mashini ilikuwa inatembea, miye nikalala."

Jibu hilo liliandikwa kwenye fishi, yaani kadi yake ya matibabu. Ni sentensi yenye uzito kuliko namba zote za tansio zilizoitangulia. Mtu mwenye sindano ya mota mbele ya vidole vyake halali kwa uchovu wa kawaida. Lakini liliandikwa tu, halikufuatiliwa.

Wiki tatu baadaye jeraha lilikuwa bado wazi, lina usaha kidogo pembeni. Hapo ndipo sukari ilipopimwa: 214 mg/dL, saa mbili baada ya chai. Kwa kuwa hakuwa na kiu wala kupungua uzito, kipimo hicho kimoja hakikutosha kumwita mgonjwa wa kisukari. Alipimwa asubuhi mbili tofauti kabla ya kula: 138, kisha 142. Kuanzia 126 mara mbili ni kisukari. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ilikuwa asilimia 7.4, ila ilichukuliwa kama nyongeza tu. Mahali ambapo malaria, upungufu wa damu na chembe za sikoseli ni vya kawaida, HbA1c inaweza kudanganya juu au chini, na glisemia ya asubuhi inabaki msingi.

Usiku 11 wa diazepamu

Alipelekwa hospitali. Daktari wa kwanza alianzisha dawa ya sukari, metformini miligramu 500 mara mbili kwa siku, jambo lililo sahihi, na akapandisha atenololi hadi 100. Mama alipomwambia kwamba usingizi wake "haushiki", anaamka mara kwa mara, akaandikiwa diazepamu 5, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya kunywa wakati wa kulala.

Kosa hili linafanyika kila siku na linaeleweka, kwa hiyo inafaa kukaa hapa kidogo. Aliyesema "usingizi haushiki" alikuwa anasema kweli. Ila kilichokuwa kinamwamsha ni ubongo wake ukimwokoa. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mtu mwenye shingo nene na mafuta kuzunguka njia ya hewa, koo huweza kujifunga kabisa. Kifua kinavuta, hewa haiingii, oksijeni inashuka, mpaka ubongo unashtuka, unakaza misuli na njia inafunguka. Mshtuko huo ndio unaokata usingizi. Diazepamu hulegeza misuli ya koo zaidi na kuchelewesha mshtuko. Vipindi vya kutopumua vinakuwa virefu, oksijeni inashuka chini zaidi, na mgonjwa asubuhi anaweza hata kusema "nimelala vizuri".

Mtoto anahesabu

Siku ya 12 mama alirudi akiwa mzito wa macho. Safari hii alisindikizwa na mjukuu, kwa sababu siku mbili kabla alikuwa nusura aanguke kutoka kwenye pikipiki ya abiria. Alisinzia nyuma ya dereva. Daktari aliyempokea hakuwa yule wa kwanza. Alipouliza habari za usingizi, mama akasema analala sana sasa. Mtoto akadakia:

"Nkambo anakoromaka, kiisha ananyamaza kimya. Mi naanzaka kuhesabu. Nikifika makumi mbili na tano njo anashituka."

Nkambo, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ni bibi au babu. Mtoto yule alikuwa akihesabu gizani kwa muda gani? Akasema tangu mwaka uliopita, ila "sasa hesabu inakuwa kubwa". Hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na alidhani wazee wote hulala hivyo.

Pumzi kukatika kwa sekunde 10 au zaidi ndiyo inayohesabiwa kama tukio. Sekunde 25 ni ndefu. Daktari alisimamisha diazepamu siku ileile. Kwa aliyeitumia usiku 11 kwa dozi ndogo haikuhitaji kupunguzwa taratibu. Angekuwa ameinywa miezi, ingebidi ishushwe kidogo kidogo.

Mfuko wa dawa mezani

Aliombwa arudi kesho yake na kila kitu anachomeza, kiwe cha hospitali, cha farmasi au cha sokoni. Vilimwagwa mezani. Mbali na dawa zinazojulikana kulikuwa na viwili zaidi.

Cha kwanza ni diklofenaki ya magoti, aliyoinunua mwenyewe na kuinywa karibu kila siku. Dawa za jamii hiyo hushikilia chumvi na maji, hupandisha tansio na kuchosha figo. Cha pili ni parasetamoli ya kuyeyusha majini, tembe mbili kila asubuhi kwa ajili ya kichwa. Watu hawajui kwamba povu lile linatoka kwenye kiambata chenye sodiamu: kila tembe ya miligramu 500 hubeba takriban miligramu 400 za sodiamu. Tembe mbili ni sawa na gramu 2 hivi za chumvi, kabla hajala hata tonge, wakati kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Kichwa kilichosababishwa na usiku mbaya kilikuwa kinatibiwa kwa kitu kinachopandisha tansio.

Aliulizwa pia kuhusu deksamethazoni na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila ordonansi, kwa sababu hivyo peke yake vinaweza kuleta tansio, sukari na uso wa duara. Hakuwahi kuvitumia.

Hesabu ya vidonge ilionyesha haidroklorotiazidi imebaki mingi. Akaeleza bila kuzungushwa: siku za kupeleka nguo kwa wateja haimezi, maana njiani hakuna choo. Hakukemewa. Sababu yake ilikuwa ya kweli, na dawa aliyokuja kupewa baadaye ilipangwa kwa kuizingatia.

Tansio ilipimwa upya. Mzunguko wa mkono wake ulikuwa sentimita 37, na kitambaa cha kawaida cha kupimia kinafaa mikono ya 22 hadi 32. Kitambaa kidogo kwenye mkono mkubwa hutoa namba ya uongo, ya juu. Kwa kitambaa cha kawaida alisoma 182/110. Kwa kikubwa, 172/104. Pointi 10 zilikuwa za kitambaa. Zilizobaki zilikuwa zake.

Damu ilionyesha potasiamu 3.1 mmol/L, chini ya kawaida. Figo zilikuwa nzuri, mkojo ulikuwa na protini ya msalaba mmoja, tezi ya shingo ilifanya kazi sawa. Bikabonati ilikuwa 25. Ikiwa chini ya 27 kwa mtu mnene, ni vigumu awe anapumua pungufu hata mchana, hali ambayo ni nzito kuliko hii. Picha ya moyo ilionyesha ukuta wa kushoto umenenepa, nguvu ya kusukuma ipo.

Kupima usiku bila maabara ya usingizi

Kipimo kamili cha usingizi, chenye nyaya kichwani na kifuani, hakikuwepo karibu. Kazi ilifanyika kwa vifaa vinne: dodoso, utepe wa kupimia, simu na oksimeta, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, yenye kumbukumbu.

Dodoso la STOP-BANG lina maswali 8: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonwa pumzi ikikatika, tansio, uwiano wa uzito zaidi ya 35, umri zaidi ya 50, shingo nene, na kuwa mwanamume. Shingo yake, iliyopimwa kwa utepe wake mwenyewe wa ushonaji, ilikuwa sentimita 42. Kwa mwanamke kuanzia 41 inahesabika. Alipata 7 kati ya 8, na kuanzia 5 ni hatari kubwa. Kipimo cha kusinzia cha Epworth kilitoa 17 kati ya 24. Zaidi ya 10 si kawaida. Swali lake la kusinzia ndani ya gari lilibadilishwa likawa kusinzia kwenye basi na kanisani.

Simu iliwekwa na binti yake usiku wa manane, mwanga hafifu, ikielekezwa kifuani na tumboni, dakika 20. Kilichotafutwa hakikuwa sauti ya kukoroma. Kilichotafutwa ni hiki: sauti inaponyamaza, je, kifua bado kinajitahidi? Kwenye video tumbo lilipanda, kifua kikaingia ndani, kisha kinyume chake, mara sita au saba bila sauti yoyote ya hewa, halafu mkoromo mkubwa na mwili wote kujinyoosha. Huko ni kuziba kwa koo. Kama kifua na tumbo vingetulia tuli, shaka ingehamia kwenye moyo au ubongo, na njia ya matibabu ingekuwa nyingine.

Oksimeta iliazimwa hospitali. Usiku wa kwanza uliharibika: kifaa kilitoka kidoleni baada ya saa mbili. Usiku wa pili kilifungwa kwa plasta ya karatasi kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, rangi ya kucha ikiwa imefutwa, na binti akaandika saa ya kulala na saa ya kuamka. Zilipatikana saa 6 na dakika 10. Oksijeni ilishuka kwa pointi 4 au zaidi mara 38 kwa saa. Kima cha chini kabisa kilikuwa asilimia 68. Asilimia 22 ya usiku ilipita chini ya 90. Kuanzia 30 kwa saa ni hali kali.

Mambo mawili kwa anayesoma kipimo hiki huku kwetu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mtu mzima aliye macho anaweza kusoma 94 hadi 97 bila ugonjwa. Wanaopima Goma au Bukavu, karibu mita 1,500, watarajie pungufu kidogo zaidi, wasishtuke. La pili, oksimeta za kidole huelekea kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi. Kama ilisoma 68, huenda ukweli ulikuwa chini ya hapo.

Maamuzi na sababu zake

Diklofenaki, parasetamoli ya povu na furosemidi ziliondolewa mara moja. Magoti yakapewa parasetamoli ya kidonge cha kawaida na mazoezi ya paja akiwa ameketi. Atenololi haikusimamishwa ghafla, maana moyo huweza kwenda mbio na tansio kuruka. Ilishuka 50 kwa wiki moja, 25 kwa wiki moja, ikaisha.

Amlodipini 10 ilibaki. Iliongezwa losartani 50, iliyopanda hadi 100 baada ya wiki nne, kwa sababu tatu: protini kwenye mkojo, kisukari, na kwamba dawa ya jamii hii hupunguza uvimbe wa miguu unaoletwa na amlodipini. Miaka 7 hakuwahi kuipewa. Tiazidi ya zamani ilibadilishwa na indapamidi 1.5 ya asubuhi. Siku za kupeleka nguo aliruhusiwa kuimeza akirudi nyumbani, hata kama ni saa tisa alasiri.

Potasiamu iliporudi 3.8 iliongezwa spironolaktoni 25. Watu wenye pumzi inayokatika mara nyingi huwa na aldosteroni nyingi, homoni inayoshikilia chumvi. Na jaribio la PATHWAY-2 la Uingereza, 2015, lilionyesha kwamba kwa tansio sugu spironolaktoni ndiyo nyongeza iliyoshinda nyingine zilizojaribiwa. Lakini losartani na spironolaktoni pamoja zinaweza kupandisha potasiamu hadi moyo usimame. Kwa hiyo miadi ya damu iliandikwa kabla ordonansi haijatolewa: wiki ya 1, wiki ya 4, mwezi wa 3. Ikipita 5.5, spironolaktoni inasimama. Bila uhakika wa kupima potasiamu, mchanganyiko huu usiandikwe.

Metformini ilipanda taratibu hadi gramu 1 mara mbili kwa siku, ikimezwa katikati ya chakula.

Kwa chakula, hesabu ilianzia kwenye chai: vikombe vitatu, vijiko vinne kila kimoja, karibu gramu 60 za sukari kila siku. Iliondolewa yote. Bukari, yaani ugali, haikukatazwa, maana makatazo ya namna hiyo hayadumu wiki. Tonge lilipunguzwa kwa nusu, sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) zikaongezwa hadi nusu ya sahani, na kube ya supu ikatoka chunguni kwa sababu ya chumvi.

Wiki saba za kusubiri mashine

Tiba yenyewe ni mashine ya kusukuma hewa, ile inayoitwa CPAP. Ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, na mwaka 1981 aliitangaza: hewa inasukumwa kupitia kinyago cha pua, inalishikilia koo wazi kama upepo unavyoshikilia puto. Ndugu aliye nje ya nchi alipata iliyotumika. Kuipata kulichukua wiki saba, na wiki hizo hazikuachwa zipite hivihivi.

Video ilionyesha pumzi ikikatika zaidi akilala chali. Mama akashona mwenyewe: mfuko wa kikwembe mgongoni mwa blauzi ya kulalia, kati ya mabega, ndani yake mipira miwili ya ukubwa wa ngumi. Mfuko wa kwanza aliushona kiunoni na ukateleza pembeni. Wa pili ulipanda juu ukakaa. Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa kwa matofali ya kuchoma, karibu sentimita 15, chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi haifai, inakunja shingo na kuziba zaidi. Cherehani ya mota ilifungwa, akabaki na ya kanyagio, na kazi ya kukata vitambaa ikafanywa asubuhi. Pikipiki ya abiria ikakatazwa kabisa.

Wiki ya tano oksimeta ilirudiwa: kutoka 38 hadi 24 kwa saa. Bado mbaya, lakini kwa kazi ya mipira miwili na matofali, ni mengi.

Mashine, umeme na vumbi

Mashine ya mkono wa pili ikaguliwe kabla ya kumfunga mtu. Mwezi Juni 2021 kampuni moja kubwa iliita tena mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa ikimomonyoka na kuingia njia ya hewa. Nyingi ya zile zilizotupwa nje bado zinazunguka. Modeli na namba ya mashine zilihakikiwa kwanza. Bomba, kinyago na kichujio vilinunuliwa vipya.

Iliwekwa ijirekebishe yenyewe, shinikizo la hewa likiwa kati ya 5 na 15. Kumbukumbu ya wiki mbili ilionyesha kwamba muda mwingi 11 ilitosha, ikabanwa kati ya 8 na 13, kwa sababu 5 ilimfanya ahisi kukosa hewa. Matukio yaliyobaki yakawa 4 kwa saa.

Saa za matumizi ndizo zilizosumbua. Wiki ya kwanza wastani ulikuwa saa 2. Sababu ya kwanza ilikuwa nywele: misuko minene ilizuia mikanda kukaa, hewa ikavuja machoni. Akasukwa misuko midogo ya bapa, mkanda ukapita juu yake. Sababu ya pili ilikuwa umeme, unaokatika saa sita au saba usiku; mashine ikizima, kinyago kinakuwa kama kiganja usoni na mtu anakivua akiwa nusu usingizini. Iliwekwa betri ya volti 12, ampea-saa 50. Hesabu yake ni hii: betri ya asidi isitumike zaidi ya nusu, hivyo wati-saa 300, mashine bila kipasha unyevu, pamoja na upotevu wa inverta, hula wati 20 hadi 30, kwa saa 8 ni 160 hadi 240. Inatosha usiku mmoja. Kipasha unyevu kikiwashwa hesabu inavunjika, kwa hiyo usiku wa betri kinazimwa, na pua inatiwa matone ya maji ya chumvi kabla ya kulala.

Kiangazi, vumbi jekundu la Lubumbashi hufanya kichujio kuwa na rangi ya tofali ndani ya siku nne. Kichujio kikiziba, mashine inapiga kelele na shinikizo linashuka. Kinakung'utwa kila siku ya pili na kubadilishwa kila wiki mbili badala ya mwezi.

Baada ya miezi 8

Tansio ya asubuhi kabla ya dawa: 134/82. Uzito kilo 90. Glisemia ya asubuhi 112, HbA1c 6.6. Potasiamu 4.5. Epworth 6. Matumizi ya mashine saa 5 na dakika 10 kwa usiku. Kidole kilipona wiki ya nne baada ya metformini, ukucha umeota wenye mfereji katikati.

Kukojoa usiku kulishuka kutoka mara nne hadi moja ndani ya wiki ya kwanza ya kuvaa mashine vizuri, wakati sukari wiki hiyo haikubadilika. Ndivyo ilivyojulikana mkojo ule ulitoka wapi. Kifua kikivuta kwa nguvu dhidi ya koo lililofungwa, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoiambia figo imwage maji. Huo haukuwa mkojo wa kisukari.

Uchambuzi

Tuanze na kile ambacho kisa hiki hakithibitishi. Mambo mengi yalibadilishwa kwa pamoja: dawa kadhaa, chumvi, uzito, usingizi. Kushuka kwa pointi 38 hakuwezi kupewa mashine. Majaribio yanaonyesha CPAP hushusha tansio kidogo, pointi 2 au 3 kwa wastani. Jaribio la HIPARCO la Hispania, 2013, lililofanywa kwa watu wenye tansio sugu, lilipata 3.1. Na jaribio la SAVE la 2016 halikuona kupungua kwa viharusi na mishtuko ya moyo, ingawa washiriki walivaa mashine saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa sukari ushahidi ni dhaifu zaidi. Kila oksijeni inaposhuka adrenalini hupanda, ini hutoa sukari, misuli huikataa insulini. Hilo linaeleweka vizuri. Ila kuvaa mashine peke yake mara nyingi hakushushi HbA1c. Sukari ya mama huyu ilishushwa na metformini, chai isiyo na sukari na kilo 7. Tusimuahidi mgonjwa kisichokuwepo.

Kuna ushahidi mmoja mdogo, uliokuja kwa bahati mbaya. Mwezi wa sita mto wa kinyago, ile sehemu laini inayogusa uso, ulichanika na mjini haukupatikana mwingine. Alilala usiku 19 bila mashine, dawa zikiwa zilezile. Usiku wa tatu alirudi kukojoa mara tatu. Wastani wa tansio ya asubuhi ulipanda kutoka 136 hadi 145. Alisinzia tena mchana. Glisemia ya asubuhi ilikuwa 115, karibu palepale. Kwa mtu huyu, basi, mashine ilibeba usingizi, mkojo na sehemu ya tansio. Haikubeba sukari. Kukosa mto wa akiba lilikuwa kosa la kupanga; ulipaswa kuagizwa pamoja na mashine.

Ugumu wa tansio yake ulikuwa nusu wa kweli, nusu wa kutengenezwa. Kitambaa kidogo, diklofenaki, sodiamu ya povu, tiazidi isiyomezwa, losartani isiyowahi kuandikwa: hivyo vyote vingegunduliwa mwaka wa kwanza kwa utepe na mfuko uliomwagwa mezani. Kabla ya kuongeza kidonge cha nne, hatua hizo mbili ndizo za kufanya, na zinachukua dakika 15.

Diazepamu ndiyo iliyomweka karibu zaidi na kifo. Aliyeiandika alikuwa na fishi mkononi yenye maneno "nilisinzia, mashini inatembea". Mtu anayelala juu ya kazi mchana na kulalamika usiku haushiki asipewe dawa ya usingizi mpaka aliye naye chumbani aulizwe. Wanawake hasa hupotea hapa. Wengi hawasemi wanakoroma, kwa aibu au kwa kutojua. Husema wamechoka, kichwa kinauma, usingizi unakatika, na hayo yote husomwa kama mawazo au ukomo wa hedhi. Mjane hana mume wa kumtolea ushahidi. Huyu alikuwa na mtoto wa miaka 9, na kwa mwaka mzima wakubwa walizungumza bila kumuuliza mtoto huyo.

Macho yake hayakukaguliwa mpaka mwezi wa nane, ingawa kisukari na tansio vyote viwili huharibu jicho kwa ndani na ukaguzi ulipaswa kufanyika mara tu kisukari kilipothibitishwa. Daktari wa macho alikuta mishipa imeanza kubadilika kidogo. Atarudi baada ya miezi 6. Potasiamu itapimwa tena pamoja na figo mwezi wa 11. Mito miwili ya kinyago imeagizwa, mmoja umeshafika.